Uwanja tulisafisha, taka zikarudi: nifundishe vipi kuhusu plastiki?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi, wanafunzi wangu wana umri wa miaka 11 hadi 13. Muhula uliopita nilifundisha kuhusu uchafuzi wa plastiki. Niliwaonyesha video za kasa na nyangumi, tukachora mabango, tukafunga mada kwa siku ya usafi. Walihamasika sana, lakini baada ya wiki mbili uwanja ulikuwa vilevile. Nilipowauliza kulikoni, mmoja akanijibu: "Mwalimu, kwa nini tuokote sisi? Wanaozitengeneza wako wapi?" Nilikosa la kumwambia. Nifanye nini ili somo libaki na wajibu wa mazingira uwaingie kweli?

Jibu: Mwalimu, pokea salamu zangu. Umeuliza mambo mawili, somo libaki vipi na yule mwanafunzi ajibiwe nini, lakini kwangu ni jambo moja. Mtoto anayeuliza wanaozitengeneza wako wapi ameshavuka pale ambapo video na mabango viliishia. Somo lilimwonyesha mambo yalivyoharibika, naye anataka kujua mambo yanavyoendeshwa. Nakushauri muhula ujao uanzie kwenye swali lake, na mengine yote yalifuate.

Tuseme kwanza kuhusu siku ya usafi. Sisemi uiache. Inafurahisha, inaonyesha matokeo papo hapo, na mahali safi pana heshima yake. Ila mwanafunzi hujifunza zaidi kwa anachofanya kuliko kwa anachoambiwa, na alichofanya siku ile ni kuokota kila kitu kwa pamoja, kukisokomeza kwenye gunia na kuliona gunia likiondoka. Bila mtu kukusudia, akafundishwa kwamba taka zote ni kitu kimoja, kwamba tatizo ni mahali zilipoangukia, na kwamba zikitoka machoni zimekwisha. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli, na sehemu kubwa ya kazi yako ni kuyabomoa.

Ndiyo maana ningeanza kwa kuhesabu. Chagua siku ya kawaida ya shule, usiitangaze, na jioni yake zuia mapipa yote yasiende kumwagwa (ya vyooni usiyaguse kabisa). Kesho yake tandika turubai nje, mahali penye kivuli na hewa. Wewe mwenyewe pitia taka kwanza ukiwa na glavu nene, uondoe vioo, nyembe, betri na chochote chenye ncha. Kila mwanafunzi avae glavu na viatu vya kufunika vidole, na maji na sabuni viwe tayari kabla hamjaanza. Mwenye kidonda mkononi au pumu apewe kalamu na daftari awe karani, na hiyo si kazi ndogo.

Kisha wape taka, usiwape mafungu. Waache wao waamue namna ya kupanga. Wataanza kwa rangi, au kwa "chafu" na "safi", halafu mmoja atauliza karatasi iliyopakwa nta iende wapi na ubishi utaanza. Usiingilie haraka. Mtoto anayebishana kama kikombe fulani ni karatasi au plastiki yuko katikati kabisa ya somo, na ukimpa jibu dakika ile umemnyang'anya kazi. (Vikombe vingi vya karatasi vina utando wa plastiki kwa ndani, hivyo pande zote mbili za ubishi zitakuwa na haki kidogo.)

Mafungu yakishakamilika, kila fungu lihesabiwe na lipimwe uzito, yote mawili. Watagundua jambo linalowashangaza hata watu wazima: kilicho kingi kwa idadi huenda kikawa chepesi mno kwa uzito. Pakiti na vifuko vidogo hujaza turubai lakini kwenye mizani havisogezi mshale, ilhali mabaki ya chakula ni machache kwa kuyatazama na ndiyo mazito. Waulize basi, tatizo letu kubwa ni lipi? Hapo wataelewa kwamba jibu linategemea unapima nini, na kwamba mtu anayekuletea takwimu ya taka anapaswa kuulizwa alipima nini.

Baada ya hapo kila kikundi kichague kitu kimoja tu na kukifuatilia. Kimetengenezwa kwa malighafi gani, kilitumika kwa muda gani, kimefikaje hapa, kitaenda wapi, nani aliamua kiwe hivi kilivyo. Swali la mwisho ndilo uti wa mgongo wa muhula mzima, kwa hiyo ngoja nikuonyeshe linavyofanya kazi kwa vitu viwili.

Chukua pakiti ya vitafunwa, ipanguse, kisha ipasue taratibu kwenye pembe na uiinue kwenye mwanga. Nje ina maandishi na rangi, ndani inang'aa kama fedha. Ukiivuta itanyooka kidogo kabla ya kukatika, na kwenye mpasuko utaona kingo mbili ambazo hazikukatika mahali pamoja. Hayo ni matabaka. Moja limebeba wino, jingine linayeyuka kidogo kwa joto ili pakiti ijifunge, na katikati kuna utando wa aluminiamu mwembamba kiasi kwamba huwezi kuubandua kwa kucha. Kazi yake ni kuzuia unyevu, hewa na mwanga, na inaifanya vizuri, ndiyo maana kilichomo hukaa miezi bila kulainika. Lakini kwa kuwa matabaka yamegandamana, hakuna anayeweza kuyatenganisha kwa gharama inayolipa. Waambie wanafunzi wamtazame mtu yeyote anayekusanya taka ili auze: ataokota chupa na kuiacha pakiti. Haiachi kwa uzembe. Pakiti haina mnunuzi. Yule aliyechagua kifungashio kile kiwandani alichagua pia, siku hiyohiyo, kwamba hakitarejelezwa, yaani hakitageuzwa kuwa malighafi tena.

Kitu cha pili ni chupa ya maji. Kata kipande kidogo cha mwili wa chupa na kipande cha kifuniko, kila kimoja ukubwa wa ukucha. Jaza bakuli maji, dondosha sabuni tone moja ili ule mvutano wa juu ya maji usishike vipande, kisha vizamishe vyote kwa kidole na uviachie. Kifuniko kitaibuka na kuelea. Mwili wa chupa utatulia chini. Watoto hurudia jaribio hili mara nyingi kwa sababu hawaamini, kwani wamezoea kuona chupa nzima ikielea, na hawajafikiria kwamba kinachoielesha ni hewa iliyomo. Chupa imetengenezwa kwa aina ya plastiki iitwayo PET, yenye uzito wa takribani gramu 1.38 kwa kila sentimita ya ujazo. Kifuniko kwa kawaida ni polietilini au polipropilini, aina nyingine za plastiki ambazo ni nyepesi kuliko maji. Kama una kijiko cha plastiki chenye namba 6 ndani ya alama ya pembetatu, hicho ni polistirini: kitazama kwenye maji matupu, lakini ukikoroga chumvi mpaka maji yashibe, kitapanda juu huku PET ikibaki chini.

Katika bakuli hilo moja una masomo ya wiki nzima. Kitu tunachokiita chupa ni plastiki mbili au tatu, na lazima zitenganishwe kabla ya kuyeyushwa. Viwanda vya urejelezaji hutumia mbinu hiyohiyo, matangi ya maji, kutenga vipande vinavyoelea na vinavyozama. Na ile picha ya bahari iliyofunikwa na taka kwa juu inaonyesha sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe, maana kinachozama hakipigwi picha. Pia utapata nafasi ya kuwaeleza kwamba zile namba 1 hadi 7 ndani ya pembetatu, zilizoanzishwa Marekani mwaka 1988, zinataja aina ya plastiki tu. Hazisemi kwamba kitu kitarejelezwa. Watu wengi wazima hawalijui hilo, na mtoto akirudi nyumbani akawaeleza, somo limetoka nje ya darasa bila bango.

Sasa takwimu. Walimu wengi hupachika ukutani kwamba chupa huoza baada ya miaka 450 na mfuko baada ya 1,000. Akili za kuambiwa changanya na zako. Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemikali, bakelaiti, ilibuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Polietilini iligunduliwa kwa bahati Uingereza mwaka 1933. Mfuko wa vishikio tunaoufahamu, ule unaokatwa kwa kipande kimoja, ulipata hataza (haki rasmi ya mbunifu) miaka ya 1960 kutokana na kazi ya Msweden Sten Gustaf Thulin, na chupa ya PET ikapata yake mwaka 1973. Hakuna binadamu aliyeiona chupa hiyo ikitimiza hata miaka 100. Namba zile ni makadirio, na hubadilika sana kulingana na jua, joto, na kama kitu kiko juani ufukweni au kwenye giza la chini ya maji. Waachie wanafunzi wagundue wenyewe kwa kulinganisha tarehe. Mtoto aliyekamata kosa kwenye bango la mazingira hapotezi imani na mazingira. Anapata imani na uwezo wake wa kufikiri.

Kilicho hakika ni hiki: plastiki nyingi haziozi kama jani linavyooza. Mwanga wa jua huzifanya kavu na kukatika, zikawa vipande, vipande vikawa chembe. Chembe zilizo chini ya milimita 5 ndizo huitwa mikroplastiki, na jina hilo lilienea baada ya utafiti wa Richard Thompson na wenzake mwaka 2004. Kipande cha mfuko kilichokaa juani muda mrefu kinatosha kuonyesha hili. Kikunje mbele ya darasa juu ya karatasi nyeupe, kitavunjika kama jani kavu, kisha waulize: je, kimeisha? Zile punje juu ya karatasi ndizo zitakazojibu.

Ukitaka takwimu moja nzito ya kuwapa, ninayoipendelea ni ya utafiti wa mwaka 2017 wa Roland Geyer na wenzake. Walikadiria kwamba tangu 1950 hadi 2015 dunia ilitengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na takribani nusu yake ilitengenezwa katika miaka 13 ya mwisho tu. Katika tani bilioni 6.3 zilizokuwa zimeshageuka taka, asilimia 9 zilirejelezwa, 12 zilichomwa, na 79 zilibaki majalalani au zikatapakaa ardhini na majini. Wape karatasi yenye miraba 100 waipake rangi: 9, 12, 79. Halafu kaa kimya waitazame. Wanaodhani kurejeleza ndilo jibu la kila kitu watakuwa na la kufikiria, na itawabidi wairudie ile pakiti yao ya matabaka kuona sababu.

Kuhusu video za kasa. Ninaelewa kwa nini ulizitumia, na ni kweli wanyama wanateseka. Lakini kwa umri wa miaka 11 hadi 13, huruma isiyo na la kufanya hugeuka haraka kuwa uchovu, kisha kutojali. Pia video hizo zinaelekeza macho kwenye kitu kimoja kidogo. Mirija ya kunywea ilipata umaarufu mkubwa baada ya video ya mwaka 2015 ya kasa aliyenasa mrija puani, wakati utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu mkusanyiko mkubwa wa taka katika Pasifiki ya Kaskazini ulionyesha kwamba karibu nusu ya uzito wake ni nyavu za uvuvi. Mkusanyiko wenyewe, aliokutana nao nahodha Charles Moore mwaka 1997, si kisiwa unachoweza kukanyaga. Ni eneo pana mno la maji lenye vipande vilivyotawanyika, na hilo ni baya zaidi kuliko kisiwa, kwa sababu kisiwa ungekifuata ukakibeba. Mwanafunzi akielewa tofauti hiyo ataelewa kwa nini kuzuia ni rahisi kuliko kuzoa. Ukionyesha mnyama anayeumia, hakikisha katika kipindi hichohicho kuna jambo ambalo mikono yao inaweza kulifanya na matokeo yake yakaonekana shuleni.

Jingine ambalo ningekuomba ulipe uzito: usiigeuze plastiki kuwa shetani. Bomba la sindano linalotumika mara moja na mfuko wa damu vimeokoa watu wengi. Ukiwaambia plastiki yote ni mbaya, yule mtoto ambaye mama yake yuko wodini atajua unatia chumvi, naye hatakuamini katika yaliyo kweli. Waulize badala yake: kitu hiki kilihitajika kudumu muda gani, na kimetengenezwa kwa malighafi ya kudumu muda gani? Bomba la maji lililofukiwa chini linahitaji kudumu, kwa hiyo plastiki inalifaa. Pakiti iliyotumika dakika chache haikuhitaji. Vifungashio ndivyo vinavyotumia plastiki nyingi kuliko sekta nyingine yoyote, na vingi hutupwa ndani ya mwaka uleule vilipotengenezwa. Basi lengo la darasa lako liwe hapo.

Vivyo hivyo kwa mbadala. Wanafunzi watapendekeza mifuko ya kitambaa, na ni pendekezo zuri likifuatwa na hesabu. Shirika la Mazingira la Uingereza lilichapisha mwaka 2011 uchambuzi uliokadiria kwamba mfuko wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ili mchango wake katika ongezeko la joto la dunia ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu. Watoe mahesabu: ukiutumia mara mbili kwa wiki, itachukua muda gani? Zaidi ya mwaka. Wa tatu nyumbani, wa nne uliopewa kwenye semina, wa tano uliokaa kabatini, je? Kisha uliza kilichoachwa nje ya hesabu ile, maana ilipima joto la dunia na haikupima kinachomfika kasa. Hapa kuna wajibu wa kweli: kutumia ulichonacho mpaka kichakae ni bora kuliko kununua kipya chenye picha ya jani.

Nikupe na angalizo la usalama, kwa sababu darasa likiona rundo la taka daima yupo anayesema "tuzichome". Usiruhusu, hata kwa mzaha. Moto wa wazi hauna joto la kutosha kuunguza plastiki kikamilifu. Plastiki ya aina ya PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi na inaweza kutengeneza daioksini, sumu zinazodumu mwilini na kwenye udongo. Moshi ule wanauvuta wao wenyewe. Elezea sababu, usikataze tu.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wako. Jibu lake ni kwamba ana haki, na kwamba haki yake haimwondolei kazi. Mwambie yote mawili, kwa mpangilio huo.

Ana haki kwa sababu uamuzi mkubwa ulifanyika kabla kitu hakijamfikia mkononi. Plastiki karibu yote hutokana na mafuta na gesi ya ardhini. Kuna aliyeamua kiasi cha kutengeneza, aliyeamua pakiti iwe na matabaka, aliyeruhusu iuzwe mahali pasipo na namna ya kuikusanya. Fikra kwamba mtengenezaji awajibike na bidhaa yake mpaka mwisho wa maisha yake ilipewa jina mwaka 1990 na Msweden Thomas Lindhqvist, na mwaka 1991 Ujerumani ikaweka kanuni iliyowalazimisha wenye viwanda na wauzaji kushughulikia vifungashio vyao. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko myembamba mwaka 2002, baada ya mifuko kuziba mitaro na kuzidisha mafuriko. Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya mwaka 2017. Mwezi Machi 2022, jijini Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikubali kuanza kuandika mkataba wa dunia nzima kuhusu plastiki. Mazungumzo ya Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024 na ya Geneva mwezi Agosti 2025 yaliisha bila makubaliano. Na walichoshindwa kukubaliana, zaidi ya kingine chochote, ni hiki: je, mkataba uweke kikomo kwa plastiki inayotengenezwa, au ushughulikie taka tu? Zaidi ya nchi 100 zilitaka utengenezaji uguswe. Nchi kadhaa zinazotegemea mafuta zilikataa.

Msomee mwanafunzi wako hayo. Ajue kwamba swali alilokuuliza akiwa na taka mkononi ndilo lililowakwamisha wajumbe wa dunia nzima. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo unayoweza kulipa swali la mtoto.

Halafu sehemu ya pili. Wagawe ukutani vitu walivyovifuatilia katika sehemu tatu: ninachoweza kuamua mimi, kinachoamuliwa na shule, kinachoamuliwa na kiwanda au serikali. Kila kitu kiwekwe panapostahili, na waruhusu kukihamisha wakibadili mawazo. Kutupa pakiti chini ni uamuzi wangu. Kukosekana kwa pipa karibu na uwanja ni uamuzi wa shule. Pakiti kutokuwa na mnunuzi ni uamuzi wa kiwanda. Mtoto anayeona ramani hiyo hawezi tena kusema yote ni kosa langu, wala yote ni kosa lao. Sehemu yake ni ndogo, lakini ina mipaka inayoonekana, na mtu hubeba kwa moyo mzigo ambao anaona unapoishia.

Kwa kila sehemu iwepo kazi. Ya kiwanda na serikali ni barua: moja, fupi, yenye takwimu zenu wenyewe za turubai, iliyoandikwa na wanafunzi na kusainiwa na darasa, yenye ombi moja linalotekelezeka. Barua isemayo "okoeni bahari" haijibiwi. Barua isemayo "siku moja tulihesabu pakiti kadhaa za bidhaa yenu shuleni kwetu, tunaomba kujua mna mpango gani wa kuzikusanya" ina nafasi ya kujibiwa, na hata isipojibiwa kuna somo la kuzungumza. Ya shule ndiyo yenye matokeo ya haraka, na hapo nataka muwe wachoyo: chagueni kitu kimoja pekee. Si kampeni ya "shule bila plastiki", ambayo itawachosha kabla ya mwezi kuisha. Kitu kimoja kilichoongoza kwenye hesabu yenu. Kama ni chupa za maji, chunguzeni kwa nini watu wanazileta. Mara nyingi utakuta bomba liko mbali, au maji yake hayaaminiki, au foleni ni ndefu kuliko muda wa mapumziko. Hapo tatizo la plastiki limegeuka kuwa tatizo la bomba, na wanafunzi wana la kumpelekea mkuu wa shule.

Walimu nao wamo kwenye ramani hiyo. Nimeona mabango ya kulinda mazingira yaliyofunikwa kwa plastiki ngumu ili yadumu, na washindi wa siku ya usafi wakizawadiwa soda za chupa. Watoto huyaona hayo na hawasemi. Anza na meza yako kabla ya somo la kwanza. Na mhusishe mfanyakazi wa usafi wa shule tangu siku ya turubai, aje kama mtaalamu: anajua kuliko nyote taka zinaonekana wapi na saa ngapi. Mwanafunzi aliyemsikia akieleza kazi yake mbele ya darasa, akiulizwa maswali na kujibu, huangusha pakiti kwa shida sana mbele yake siku inayofuata. Nimeona hilo likifanya kazi kuliko adhabu yoyote.

Kuhusu kutengeneza vitu vya sanaa kwa chupa na vifuniko, vinavyopendwa sana kwenye maonyesho: fanyeni kama mnapenda, mikono na macho vinafaidika, ila usiite urejelezaji. Chungu cha maua kilichokatwa kwenye chupa kitakuwa taka msimu ujao, na kikikaa juani kitaanza kumeguka.

Na katika kutoa alama, acha mabango. Mpe kila mwanafunzi kitu ambacho hakukifuatilia, mwambie aeleze kimetengenezwa kwa malighafi gani, kitaishia wapi, ni uamuzi wa nani ungebadilisha hatima yake, na angemwambia nini mtu huyo. Dakika tano kwa mdomo zinatosha kujua nani ameelewa.

Baada ya wiki sita hivi rudieni turubai, siku ileile ya wiki, bila kutangaza, kwa mizani ileile. Linganisheni kile kitu kimoja mlichokichagua. Kikiwa kimepungua, waulize kwa nini, na usikubali jibu la "kwa sababu tumejitahidi". Watafute kilichobadilika hasa. Kisipopungua, usiwafiche wala usiwalaumu. Rudini kwenye ramani ya ukutani mkahamishe kitu hicho, kwa sababu huenda mlikiweka kwenye sehemu ya "mimi" wakati kilikuwa cha shule, au cha shule wakati kilikuwa cha kiwanda, kisha mpange hatua nyingine kutoka hapo.